Riwaya ya The Sound and the Fury na Wasomaji Wake

Mnamo Oktoba 1929, wiki chache kabla ya soko la hisa la New York kuanguka, ilitoka katika mji huo riwaya ya nne ya William Faulkner, mwenyeji wa jimbo la Mississippi, nayo iliitwa The Sound and the Fury. Jina hilo limetolewa katika Macbeth ya Shakespeare, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu 1968 katika tafsiri ya S. S. Mushi. Nakala zilizopigwa chapa mara ya kwanza zilikuwa 1,789, na zilitosha kwa zaidi ya mwaka. Mchapishaji aling'amua mapema kwamba kitabu kitahitaji mtetezi, akatoa kijitabu cha Evelyn Scott, naye mtunzi wa riwaya, kilichokisifu na kukipa daraja ya tanzia. Januari 1930 Clifton Fadiman, katika gazeti la The Nation, alitoa hukumu iliyo kinyume kabisa: habari yenyewe ni nyembamba mno, haistahili taabu anayotwishwa msomaji. Kabla ya kutimiza miezi minne kitabu kilikuwa kimekwisha kupata kambi mbili, na kambi hizo zingalipo.

Desturi imekuwa kueleza hitilafu hii kwa kuwagawa watu: wako wasomi na wasio wasomi, wako wenye subira na wavivu. Maelezo haya ni mepesi, tena yana kiburi ndani yake. Fadiman hakuwa mtu wa elimu ndogo, na wako wasomaji wasio na shahada yoyote waliokipenda kitabu hiki tangu ukurasa wa kwanza. Faulkner mwenyewe, alipoulizwa mwaka 1956 katika mahojiano na The Paris Review juu ya watu wasiomwelewa hata baada ya kumsoma mara mbili au tatu, aliwashauri wasome mara ya nne. Jibu hili hunukuliwa kwa kicheko. Wachache wametambua kwamba lina ukweli wa kisarufi: msomaji wa mara ya nne hasomi sentensi zile zile alizosoma wa mara ya kwanza, ijapokuwa maneno hayakubadilika hata moja.

Kitabu kina sehemu nne. Ya kwanza ni ya tarehe 7 Aprili 1928, nayo inapita katika fahamu ya Benjy Compson, mtu wa miaka 33 siku hiyo hiyo, mwenye ulemavu wa akili, asiyeweza kutamka neno. Ya pili inarudi nyuma hadi tarehe 2 Juni 1910, siku ambayo kaka yake, Quentin, mwanafunzi wa Harvard, anajiua. Ya tatu ni ya tarehe 6 Aprili 1928, anayesema ni Jason, ndugu yao mwingine. Ya nne ni ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 1928. Hiyo husimuliwa na mtu wa nje, na aliye katikati yake ni Dilsey, mpishi mweusi wa nyumba hiyo. Dada yao, Caddy, ambaye ndiye anayewaziwa na kulaumiwa na kuliliwa na wote, hakupewa sehemu.

Namna hii ya utunzi huitwa mkondo wa fahamu. Usemi huo uliingizwa katika elimu ya nafsi na William James mwaka 1890, na May Sinclair akautumia mwaka 1918 alipokuwa akizichambua riwaya za Dorothy Richardson. Ila kwa sehemu ya Benjy jina hilo halifai sana. Mkondo hutoka mahali ukaenda mahali. Fahamu ya Benjy haiendi. Kila kitu kiko hapo hapo. Anapenya uani pamoja na Luster, kijana anayemwangalia, nguo yake inanaswa na msumari. Na mara anayemnasua ni Caddy, wakati wa baridi, miaka mingi nyuma, wote wawili wangali watoto. Hapana neno la kuunganisha, wala la kueleza kwamba anakumbuka. Tena Benjy hakumbuki, kwa maana mwenye kukumbuka hujua kwamba jambo limepita.

Hapa ndipo wasomaji wanapoachana, na sababu yake hasa ni kitu kidogo: kiwakilishi. Katika usemi wa kawaida, anayetaja «yeye» huwa amekwisha kumtaja mwenyewe, au mwenyewe yuko mbele ya macho ya wanaosikia. Benjy hutumia kiwakilishi pasipo kumtaja mwenyewe, na hutaja jina pasipo kueleza mwenye jina ni nani. Kuna Jason wawili, baba na mwana. Kuna Maury wawili, kwa sababu Benjy mwenyewe aliitwa jina la ndugu wa mama yake mpaka hali yake ilipojulikana, ndipo akapewa jina jingine. Na kuna Quentin wawili, mwanamume aliyekufa 1910, na binti wa Caddy aliyezaliwa baada ya kifo hicho akapewa jina la mjomba wake. Msomaji mmoja, akikutana na kiwakilishi kisicho na mwenyewe, husimama, hurudi nyuma, hutafuta, na asipopata huona ametendewa isivyo haki. Mwingine hulipokea neno kama deni: hulibeba bila kulijaza, akitumaini mbele atalipwa. Kwa wa kwanza mwandishi ameficha habari. Kwa wa pili amechelewa tu kuitoa. Ubora wa akili hauhusiki. Hizi ni njia mbili za kuchukua mzigo, na kila mtu anazo zote mbili, kwani ndivyo anavyosikiliza mazungumzo ya wageni ndani ya basi.

Deni hili hulipwa, tena kwa njia ya unyenyekevu. Benjy katika maisha yake alilelewa na vijana weusi watatu: Versh alipokuwa mtoto, T.P. alipokuwa akikua, Luster katika mwaka 1928. Msomaji akishagundua hayo, jina la mlezi humwambia wakati. Si tarehe ya kalenda, lakini yatosha. Ajabu ni kwamba wasomaji wengi hugundua saa hii bila kufundishwa, na wale wanaoigundua wenyewe huwa watetezi wa kitabu maisha yao yote. Walioambiwa na mwalimu hukubali, huandika pembezoni mwa ukurasa, na huendelea kukiona kigumu.

Ndiyo maana historia ya funguo za kitabu hiki ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Wa kwanza kutaka kumsaidia msomaji alikuwa Ben Wasson, mhariri na rafiki wa Faulkner, ambaye katika karatasi za majaribio ya chapa aliondoa herufi za mlazo za sehemu ya Benjy akaweka nafasi tupu mahali pa kila mruko. Faulkner alikataa, akazirudisha. Hoja yake ilikuwa kwamba nafasi hukata kitu ambacho ndani ya Benjy hakikatiki. Katika barua yake alitamani hata wapigaji chapa wangekuwa wamefikia kutumia wino wa rangi. Mwaka 2012 Folio Society ya London iliitimiza tamaa hiyo: nakala 1,480 kwa wino wa rangi 14, kila wakati na rangi yake. Ni kazi ya mikono yenye uzuri. Lakini yapasa kuuliza msomaji anapata nini. Herufi za mlazo hazisemi «hapa ni zamani»; zinasema tu «hapa pamegeuka». Anayedhani kila mlazo ni wakati uliopita hupotea upesi, maana mara nyingi maneno hurudi katika herufi zilizosimama na wakati ni ule ule wa mlazo. Alama ya badiliko si alama ya tarehe. Rangi, kinyume chake, ni tarehe. Aliye na rangi anajua zaidi ya Benjy, na anajua mapema mno.

Ufunguo uliodhuru zaidi ulitoka kwa mwandishi mwenyewe. Kwa ajili ya kitabu cha mkusanyo alichokihariri Malcolm Cowley, kilichotoka 1946, Faulkner alitunga nyongeza juu ya ukoo wa Compson, akieleza kila mtu na mwisho wake. Mwaka huo huo riwaya ilitolewa upya katika Modern Library, na nyongeza hiyo ikawekwa mwanzoni. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Marekani kikaingia kitabuni kwa mlango wa nyuma, kikijua tangu mwanzo kwamba Quentin ni wawili na kwamba Caddy alifukuzwa na mumewe. Tena nyongeza yenyewe hailingani na riwaya: katika riwaya binti Quentin hushuka kutoka dirishani kwa mti, katika nyongeza hushuka kwa bomba la maji ya mvua. Mtu aweza kusema ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo, kwa kuwa mti ule ule wa dirishani ndio unaopandwa na Caddy siku ya kufa bibi yao, achungulie ndani ya nyumba, na ndugu zake walio chini wanaona uchafu wa nguo yake. Faulkner alisema mara nyingi kwamba kitabu chote kilitoka katika picha hiyo. Aliyesoma bomba kabla ya mti amenyang'anywa kitu ambacho hatajua kamwe kwamba alikuwa nacho. Noel Polk, aliyesahihisha matini kwa toleo la 1984, alifanya vema kukirudisha kitabu katika hali yake bila utangulizi huo. Walimu wanaowagawia wanafunzi wao jedwali la ukoo siku ya kwanza wangefanya vema kumfuata.

Juu ya sehemu ya Quentin hapana haja ya kukaa sana, kwa kuwa ndiyo iliyoandikiwa zaidi. Quentin anavunja kioo cha saa ya babu yake na kuing'oa mishale, nayo inaendelea kulia. Jean-Paul Sartre alianzia hapo katika insha yake ya 1939, mwaka mmoja baada ya tafsiri ya Kifaransa ya Maurice Coindreau, akasema watu wa Faulkner wamekaa kama abiria wa gari lisilo na paa anayetazama nyuma: yaliyopita yanaonekana wazi, yajayo hayapo. Aliusifu ufundi, akakataa falsafa. Ni msomaji mkubwa aliyekisoma kitabu kama hoja, akaijibu hoja. Hakuuliza Benjy, ambaye naye hana wakati ujao, kwa nini haonekani kama hoja ya mtu yeyote.

Sehemu ya Jason ndiyo mtihani wa kweli, na wengi hawajui kwamba wametahiniwa. Baada ya kurasa nyingi za giza, sauti inaanza kusema kwa sentensi kamili, zenye mpango, zenye kejeli na mara nyingine zenye kuchekesha. Kila kiwakilishi kina mwenyewe. Msomaji anapumua. Anashukuru. Na shukrani hiyo humfanya amwamini mtu ambaye amekuwa akiiba mwaka baada ya mwaka fedha ambazo Caddy humletea binti yake, na ambaye kila mwezi humpa mama yake hundi ya uongo aichome moto akidhani ndiyo halisi. Wako wasomaji wanaokiri kwamba Jason ndiye waliyempenda, na wakosoaji huwacheka. Hawastahili kuchekwa. Wametenda sawasawa na mpango wa kitabu: wameonyeshwa kwamba usemi wazi na moyo safi si ndugu, na kwamba sikio lililochoka hukimbilia anayesema kwa urahisi. Fadiman alitaka kitabu kiwe na uwazi. Uwazi umo, na umewekwa mdomoni mwa mwizi.

Kisha yuko Dilsey. Hapa hitilafu ya wasomaji si ya sarufi peke yake. Wengi wamemwona kuwa ndiye roho ya kitabu, mama mvumilivu anayeibeba nyumba inayoanguka. Wengine, na miongoni mwao wako Wamarekani weusi wengi, wameuliza kwa haki kwa nini ndugu watatu weupe wamepewa «mimi», hata yule asiyeweza kusema, na Dilsey hakupewa. Inajulikana kwamba Faulkner alilelewa na mwanamke mweusi, Caroline Barr, aliyekufa 1940 na aliyetabarukiwa Go Down, Moses mwaka 1942; upendo huo haujibu swali. Toni Morrison, aliyeandika tasnifu yake ya Cornell mwaka 1955 juu ya Virginia Woolf na Faulkner, baadaye alitunga riwaya ambamo fahamu ya mwanamke mweusi husemwa kutoka ndani. Katika kitabu cha Faulkner mlango huo umefungwa. Hata hivyo ndani ya sehemu hii umo ukurasa ambao mwanaisimu hawezi kuupita: mahubiri ya Pasaka. Mhubiri mgeni kutoka St. Louis anaanza kwa Kiingereza cha watu weupe, baridi na laini, na waumini wanamsikiliza kama wanaotazama mchezo wa ustadi. Halafu sauti yake inageuka, anaingia katika lahaja ya waliokaa mbele yake, na kusikiliza kunageuka kuwa kitu kingine. Dilsey analia. Habari ni ile ile. Iliyobadilika ni lugha, na pamoja nayo nafasi ya msikilizaji. Faulkner, ambaye hakuweza au hakuthubutu kuingia ndani ya Dilsey, aliandika hapo maelezo bora kabisa ya jinsi hadhira moja inavyoweza kuwa mbili.

Ikiwa kiini cha mzozo ni sarufi, basi lugha nyingine italeta mzozo mwingine, na kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina maana ya pekee. Kiingereza humtenga mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Msomaji wa Kiingereza anayekutana na Quentin wa kiume ukurasa huu, na Quentin wa kike ukurasa ule, hushtuka, na mshtuko huo ndio ishara yake ya kwanza kwamba wako wawili. Kiswahili husema «a-» kwa wote. Quentin alilia, Quentin akaondoka: hapana kinachoshtua. Mfasiri atakayeandika «binti Quentin» atakuwa ametoa ufunguo. Asipoandika, msomaji wake atabaki na mtu mmoja anayekufa 1910 na kutoroka 1928.

Kwa upande mwingine, Kiswahili hutoa kile ambacho Kiingereza huzuia. Ndugu wa mama na ndugu wa baba katika Kiingereza ni neno moja, na msomaji hukaa muda kabla hajajua Maury ni wa upande gani. Mfasiri hana budi kuchagua kati ya mjomba na ami, na akishaandika «mjomba» amekwisha kuufunua mpaka ambao Bibi Compson hachoki kuulinda, yaani damu yake ya Bascomb dhidi ya damu ya mumewe. Na Jason, anayemwibia mtoto wa dada yake, ataitwa mjomba naye, neno ambalo pwani huambatana na haki ya kudekezwa. Kejeli hiyo haimo katika Kiingereza, na hapana mfasiri mwenye akili atakayeikataa.

Kuhusu nyakati, jambo lina utajiri zaidi. Benjy anasema yote katika wakati uliopita wa namna moja, yaliyotokea asubuhi na yaliyotokea miaka thelathini kabla. Kiswahili kina «-li-» na kina «-ka-», na «-ka-» husema jambo hili lilifuata lile. Mfasiri akiruka kutoka msumari wa Luster hadi msumari wa Caddy kwa «-ka-», amedanganya: amesema la utotoni lilifuata la utu uzima. Akitumia «-li-» kila mahali, usemi utakakamaa kama wa shahidi mahakamani. Iko njia ya tatu. Ndani ya tukio moja matendo yafuatane kwa «-ka-», na kila pageukapo usemi urudi kwenye «-li-», kama hadithi inavyoanza upya. Kurudi huko hakutaji tarehe. Kunasema tu kwamba pamegeuka. Kazi ambayo Faulkner aliiomba kwa mpigaji chapa, na ambayo mhariri wake alitaka kumnyima, Kiswahili kinayo ndani ya kitenzi.

Hasara moja haina dawa. Kitabu kinaanza kando ya uwanja wa gofu uliokuwa malisho ya Benjy, yaliyouzwa ili kulipia mwaka wa Quentin huko Harvard na harusi ya Caddy. Wachezaji humwita mbeba magongo, na katika Kiingereza neno lile kwa sikio ni jina la Caddy. Benjy anapiga kelele. Luster hajui kwa nini, wala msomaji. Kwa macho maneno hayo mawili huandikwa mbalimbali, hivyo hata Mwingereza asomaye kimya aweza kupita asisikie. Benjy ana sikio tu. Wale waliokisoma kitabu kwa sauti, kama tenzi zilivyokuwa zikisomwa barazani, wako karibu naye kuliko walio na rangi 14.

Ukurasa wa mwisho nao umewagawa watu. Luster analiendesha gari la farasi kwa upande usiozoewa, kushoto kwa sanamu ya askari iliyo uwanjani, na Benjy analia kwa sauti ya kutisha. Jason anaruka, anampiga Luster, anaugeuza farasi. Nyumba na nguzo zinaanza kupita tena kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, na Benjy ananyamaza. Wengine wameona amani hapo, wengine utaratibu mtupu usio na maana. Wako pia waliotambua kwamba kushoto kwenda kulia ni njia ya jicho katika mstari wa chapa. Mzee wa Lamu aliyejifunza kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu angetaka farasi aachwe alikokuwa anakwenda.